Kocha Aliyesimama Juu ya Besi ya Nyumbani

Nimetambulishwa kwenu kwamba mie ni mstaafu, na nimeona jinsi mlivyotazamana. Mstaafu gani hana hata unywele mmoja mweupe? Ni kweli, arobaini bado sijaifikia. Ila nimechuchumaa nyuma ya wadakaji nikiamua mechi za softiboli tangu nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, na daktari ameniambia nichague kimoja, kuchuchumaa au kutembea. Nimechagua kutembea. Kwa hiyo barakoa ya chuma nawaachia nyie waamuzi wapya, na pamoja nayo nawaachia makocha.

Nimeombwa niwaeleze namna ya kumkabili kocha anayebisha. Jibu mmeshapewa, lipo kwenye kitabu cha sheria za softiboli: uamuzi wa macho haubishaniwi. Mpira umepita kwenye eneo la straiki, kati ya kwapa na magoti ya mpigaji, au haukupita, mkimbiaji ameguswa kwa mpira kabla ya kufika kwenye besi au hajaguswa, mwamuzi akishasema auti, yaani katoka, ni auti, akisema sefu, yaani kasalimika, ni sefu. Kocha anaruhusiwa kuuliza habari ya sheria tu. Umemtoa mpigaji kwa straiki mbili badala ya tatu kwa kukosea hesabu? Hilo ni la sheria, aje aulize, umjibu. Umeona mguu umechelewa na yeye kaona umewahi? Hilo ni la macho, arudi benchi.

Siku niliyofundishwa hivyo niliinua mkono nikauliza kwa nini. Nilikuwa nasoma falsafa wakati huo, kila kitu nilikuwa nakiuliza kwa nini, hadi mama yangu akaacha kunituma sokoni. Aliyekuwa anatufundisha aliitwa Mama Neema, karani wa ofisi ya kata kule Temeke, mzaliwa wa Njombe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo ilibidi uisogelee.

"Jicho la nani limepewa haki ya kutoulizwa?" nikamwambia. "Mwamuzi si malaika."

Alikuwa anamenya karanga. Akamaliza kumenya. "Mwanangu, wasichana wamesimama juani na magongo mkononi. Tukianza kujadili jicho, magharibi itatukuta hapa na mpira haujachezwa."

"Hilo ni jibu la muda, Mama. Si jibu la ukweli."

"Haya. Wewe baki hapa na ukweli, sie tunakwenda uwanjani."

Wenzangu wakacheka, nikaenda nao. Sijawahi kuridhika na jibu lile, na miaka yote niliyofanya kazi nililitumia.

Sasa sikilizeni mambo yasiyoandikwa kitabuni. Kocha anapokuja, usimwendee. Ukimwendea mnakutana katikati, na watu wawili wanaokutana katikati ya uwanja huku wote wana kasi wanaonekana wanakwenda kupigana hata kama wanakwenda kusalimiana. Simama, vua barakoa, aone uso wako. Mwache amalize pumzi ya kwanza, kwa sababu pumzi ya kwanza haina swali ndani yake, ina kelele tu. Swali liko kwenye pumzi ya pili. Halafu geuka kidogo, msimame bega kwa bega mkitazama upande mmoja, kama watu wawili wanaotazama nyumba inayojengwa. Kocha akikukabili uso kwa uso anawaigizia wazazi waliokaa pembeni. Akiwa begani mwako hana hadhira. Mjibu kwa sauti ndogo kuliko yake. Sema "nimeona hivi", usiseme "wewe hukuona". Na usimjibu ambacho hakuuliza. Waamuzi wengi wamezama kwenye sentensi ya tatu waliyoiongeza wenyewe kwa wema.

Mnaandika? Msiandike. Haya yote yanafanya kazi mpaka siku yasipofanya kazi.

Kuna kocha mmoja wa Kigamboni, nitamwita Bwana Salim. Duka la vifaa vya ujenzi, la tangu babu yake, ukoo wa Kiarabu wa pwani uliozoea biashara kama samaki alivyozoea maji. Aliingia kwenye ukocha kwa sababu binti zake watatu walicheza, na alibisha jinsi anavyouza misumari. Mara ya kwanza nilipomtoa mkimbiaji wake alinijia akitabasamu.

"Refa, wallahi mie sibishani na macho yako. Nabishana na pale uliposimama."

Mnaona ujanja? Jicho haliulizwi, lakini miguu je? Nilikaa nikaiwaza ile hoja wiki nzima, na mpaka leo naona alikuwa na hoja. Uwanjani sikuwa na wiki. Nikamwambia nilisimama mahali pa kuonea. Akashusha bei.

"Basi tuelewane. Huyu auti, sawa, nimekubali. Wa kwangu atakayefuata, akiwa wa kubahatisha, sefu. Tumemalizana?"

"Bwana Salim, hapa si dukani."

"Dukani ningekufukuza, hujui kupatana!"

Benchi lake lote likacheka, nami nikacheka. Lakini muwe macho na kocha anayechekesha. Katika raundi iliyofuata mkimbiaji wake alifika besi ya kwanza sambamba na mpira, na nilihisi mkono wangu unatamani kusema sefu kabla sijajua nilichoona. Nilikuwa nimeshaanza kumlipa na sikujua ni lini nilikubali. Mwamuzi akikosea, basi ni kosa moja. Akikosea tena ili kusawazisha, timu zote mbili zinajua, na kuanzia hapo kila uamuzi wake ni bidhaa.

Huyo huyo Bwana Salim ndiye aliyenifundisha kuhusu salamu. Siku hiyo tunacheza Temeke, pantoni imechelewa, akafika mchezo umeshaanza. Sikupata nafasi ya kumwamkia. Raundi ya pili mchezaji wake nikamwita auti, naye akaja, nikasimama kama nilivyofundishwa, nikavua barakoa, nikangoja pumzi ya kwanza. Pumzi ya kwanza haikuja. Alinitazama tu, ameegemeza mikono kiunoni.

"Kwanza, binti. Hujanisalimia."

Nini kinamtokea mtu aliyelelewa Dar es Salaam akiambiwa hivyo na mtu wa umri wa baba yake? Ulimi hauulizi ubongo. Katikati ya uwanja, mbele ya shule mbili na wazazi wao, mwamuzi mkuu mwenye mamlaka yote nikainama kidogo nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sasa badilisha uamuzi."

Jamani, kicheko kile! Hata mdakaji wa timu pinzani aliangusha glavu. Sikubadilisha uamuzi, lakini kuanzia hapo nilikuwa binti wa watu aliyesimama mahali pa mwamuzi. Kila nilichosema, benchi moja likaitikia "marahaba!"

Baada ya mchezo Mama Neema hakunipa pole. "Salamu inaisha kabla mpira haujarushwa," akasema. "Nenda kwa makocha wote wawili, mmoja akikuona unamwamkia mwenzake. Aliyechelewa mfuate raundi ikiisha. Ukishaamkia, umeshakuwa mtoto mwema. Barakoa ikishuka, huna tena mjomba."

"Na akiwa mjomba kweli?"

"Kwa hizo 'kwa nini' zako, mumeo atahama nyumba."

Nilidhani nimeuliza kwa utani. Kisha ikaja fainali ya shule za wilaya.

Timu moja ilikuwa ya Bwana Salim. Nyingine ilikuwa ya Mwalimu Mapunda, mtu aliyenipa gongo la kwanza mkononi nikiwa kidato cha pili. Alitokea Songea miaka mingi iliyopita, akafundisha jiografia na softiboli katika shule ile ile, na mwisho wa mwaka huo alikuwa anastaafu. Hakuwahi hata mara moja kupeleka timu kwenye mashindano ya taifa. Mshindi wa siku hiyo angekwenda. Nilimwomba aliyepanga waamuzi anitoe, akaniambia softiboli ya Dar ina watu wachache mno. Nikikataa kila mwalimu aliyenifundisha na kila dada niliyecheza naye, nitabaki kuamua mechi za mizimu. Bwana Salim alipoulizwa alisema hana neno. "Huyu binti hapatani hata na mimi," akasema. Mama Neema akapangwa nami, yeye kwenye besi za mbele, mie kwenye besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji na mkimbiaji anaporudi kupata pointi.

Niliwaamkia wote wawili, wakionana. Marahaba, marahaba. Tukaanza.

Raundi ya saba, ya mwisho. Timu ya Mwalimu inapiga na iko nyuma kwa pointi moja. Mmoja ameshatoka, na wakitoka watatu mchezo umekwisha. Kwenye besi ya pili yuko kapteni wao, Zuhura, mwembamba, hijabu yake ameichomeka ndani ya jezi ili isipepee. Mpigaji akaupiga mpira ukapita kati ya mabeki, Zuhura akakata kona ya besi ya tatu bila kupunguza mwendo, mpira ukarudi kutoka mbali kwa mrusho mmoja, mdakaji akaudaka, Zuhura akateleza. Vumbi. Nilikuwa nimesogea upande wangu vizuri, niliona glavu inashuka, niliona inagusa goti, niliona mguu bado haujafika. Nikakunja ngumi.

"Auti!"

Mwalimu Mapunda hakuja mbio. Alikuja anatembea, na hilo ndilo lililonitisha.

"Tunu," akaniita.

"Mwalimu."

"Glavu imepita juu ya mguu."

"Nimeona imegusa goti, Mwalimu."

"Umeona au umedhani?"

Swali hilo alikuwa akituuliza darasani, mtu akichora mto mahali ambapo hapana mto. "Nimeona," nikasema.

"Muulize mwenzako."

Nyie mnajua utaratibu. Mwamuzi wa nyumbani anaweza kumuuliza mwenzake kitu ambacho hakukiona: mpira ulidondoka upande wa pili, mwili wa mdakaji ulimziba. Mwenzake hasemi mpaka aulizwe. Mama Neema alikuwa amesimama karibu na besi ya pili anatazama mbali kama mtu anayesubiri mvua. Na mie nilikuwa nimeona. Kama ningemuuliza, ningekuwa namuuliza kwa sababu anayeomba ni Mwalimu. Bwana Salim alikuwa amekunja mikono benchini kwake, kimya, yeye ambaye hanyamazi hata akila.

"Simuulizi, Mwalimu. Tafadhali rudi benchi, tuendelee."

Hapo ndipo alipopanda. Besi ya nyumbani ni kipande cha mpira mweupe kilicholala chini, hakina urefu wowote, lakini alivyoweka mguu wa kwanza kisha wa pili juu yake, raba zake nyeupe zimefuliwa kwa ajili ya siku hiyo, alionekana mrefu kuliko sote.

"Hapa sitoki," akasema.

"Mwalimu, hili ni onyo."

Akashusha sauti nisikie peke yangu. "Unajua sina msaidizi. Nitoe. Nitoe, hawa watoto waende nyumbani wanajua nani kawatoa."

Alikuwa anasema kweli. Kwenye mashindano yetu ya shule, timu isiyo na kocha kwenye benchi haichezi. Nikimtoa yeye nimewatoa wote, na bado walikuwa na mpigaji mmoja. Alikuwa amesimama pale karibu, msichana mdogo wa kidato cha kwanza, kofia ngumu imemshuka hadi kwenye nyusi, hajui asogee au asubiri.

Kitabu kinasema onyo, kisha nje. Mkono wangu ulikuwa unajua njia. Niliona hasira imepanda mpaka shingoni, na hata ile hasira niliiuliza: ya nini? Kwamba amevunja sheria? Hapana. Makocha huvunja sheria kila Jumamosi. Ni kwamba mtu aliyenifundisha kupoteza mchezo bila kutukana amejificha nyuma ya watoto. Nilitaka kumwadhibu kama mwanafunzi wake, kwa kutumia mkono wa mwamuzi. Na yule mwenye kofia kubwa angelipia.

Mama Neema alitufundisha jambo moja ambalo sikuliuliza kwa nini: kichwa kikichemka, toa brashi. Wape watazamaji mgongo, iname, safisha besi ya nyumbani hata kama ni safi. Hakuna anayeweza kukuharakisha. Basi nikachomoa brashi mfukoni, nikawageuzia wazazi mgongo, nikachuchumaa, nikaanza kufuta mchanga kuzunguka raba za Mwalimu.

Mama mmoja akapiga kelele kutoka pembeni, "Msugue na viatu, refa!"

"Unafanya nini?" Mwalimu akauliza kutoka juu.

"Nasafisha besi, Mwalimu. Mpigaji anakuja."

"Nimesimama juu yake."

"Naona. Mguu wa kulia, Mwalimu."

Kila mmoja wenu aliyesoma shule zetu ameshafagia darasa mwalimu akiwa mezani. Hamumwambii atoke. Ufagio unafika kwenye miguu yake, yeye anainua huku anaendelea kusahihisha madaftari, hata hakutazami. Mwalimu Mapunda alikuwa ameinua miguu yake kwa ajili ya ufagio maisha yake yote ya kazi, ufagio wangu ukiwemo. Akainua mguu wa kulia. Nikafuta. Alipoushusha, brashi ilikuwa pale, akauweka pembeni mchangani.

"Na wa kushoto."

Akauinua. Akautazama ukiwa hewani, na nadhani ndipo alipojua. Kisha akaushusha kando ya wa kulia, nje ya besi, akabaki amesimama hapo kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Ahsante, Mwalimu," nikasema, na nilimaanisha. Nikasimama, nikavaa barakoa. "Mpigaji!"

Alirudi benchi. Sijui hadi leo kama nilichofanya kilikuwa heshima au hila. Nimekipindua mara nyingi. Nilitumia mazoea ya mtu mzima kumhamisha mahali ambapo hoja yangu ilishindwa kumhamisha. Mkiniuliza kama mfanye hivyo, nitawaambia nyie hamna Mwalimu Mapunda wenu.

Yule mdogo aliingia, akarekebisha kofia, akaacha straiki moja ipite. Mpira wa pili akaupiga kwa nguvu zote alizonazo. Ulipanda juu sana, kila mtu akauinulia uso, na ulipokuwa unashuka binti mkubwa wa Bwana Salim alikuwa chini yake na glavu wazi. Mchezo ukaisha. Pointi moja.

Nilikuwa nafungasha vifaa pamoja na Mama Neema. Nikamuuliza, "Lile la nyumbani. Wewe uliona nini?"

"Hukuniuliza kule, usiniulize huku." Akafunga mfuko wake, akaenda kutafuta maji.

Ndipo nikaona Mwalimu anakuja, safari hii na Zuhura. Suruali ya binti ilikuwa imechanika kwenye goti na vumbi limegandamana na jasho.

"Huyu ana swali," Mwalimu akasema. "Mimi sina."

Uamuzi wa macho hatuuelezi, mmeambiwa hivyo. Nilimweleza. Nilimwambia ulikimbia vizuri, ulikata kona vizuri, mpira uliwahi, glavu ikashuka, ikakugusa goti, hapa, mguu ulikuwa bado. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa.

"Haikunigusa, dada."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Nimeona, Zuhura."

"Najua umeona. Ila goti ni langu."

Mwalimu akamshika bega. "Haya, umeuliza, umejibiwa. Twende, gari linasubiri." Hakuniaga vibaya. Aliniambia nisalimie nyumbani. Nikawatazama wakivuka uwanja, Zuhura anachechemea kidogo kwa sababu ya goti lililochubuka, na nilikuwa nimeshika brashi kama mtu aliyesahau alichokuja kukifanya.

Mtaniuliza, maana mna sura za watu wanaouliza: je, alikuwa sahihi? Sijui. Mchezaji hukosea pia, mwili wenye damu ya moto hausikii kila kitu. Jicho hukosea pia. Kitabu hakisemi kwamba mwamuzi yuko sahihi, kinasema kwamba mwamuzi ndiye atakayesema. Mambo hayo mawili nimejaribu kuyaunganisha tangu chuo na hayaungani. Mama Neema aliishi nayo yakiwa yametengana, akala karanga zake. Mie wiki ile sikuweza kukaa, nilikuwa natembea chumbani.

Jumamosi iliyofuata nilipangwa Chanika, mechi ndogo, uwanja uliopakana na shamba la mihogo, timu ambazo hazikuwa na mtu ninayemjua. Raundi ya kwanza kabisa, mkimbiaji akakata kona ya besi ya tatu, mpira ukarudi, mdakaji akashusha glavu, vumbi likapanda. Niliona kilichotokea. Mkono wangu ukakawia.

Ulikawia kiasi cha mtu kugeuza shingo na kunitazama. Mdakaji akanitazama. Msichana aliyelala chini akanitazama, mguu wake umegusa besi, uso wake wote ukisema anajua kilichompata. Benchini kocha alikuwa ameshainuka.

Nikakunja ngumi nikasema nilichokiona. "Auti!"

Kocha akavuka mstari, anakuja. Nikavua barakoa, nikasimama nikamngoja.